Barakoa za Wodi ya Kifua

4 Februari

Mpwa wangu, Mheshimiwa Mkaguzi,

Marahaba, hata kama hujaniamkia, maana najua utasingizia kazi. Sisi huku wazima. Goti la mkaza mjomba wako linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mdomo wake hautulii, basi ujue hajambo. Mimi shida yangu ni masikio tu. Cherehani zimeyamaliza. Kwenye simu nasikia kama mtu anaongea ndani ya mtungi, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Nisalimie dada yangu, mama yako, na umwambie ile blauzi aliyoniagiza iko kwenye foleni kama nguo za wateja wengine.

Sasa habari yenyewe. Alama ya ubora imetoka! Barakoa zetu zimepimwa kwenu, zimepita, na kuanzia wiki hii kila boksi linalotoka karakana lina alama ya ofisi yenu ubavuni. Hospitali ya mkoa imetupa kazi ya kuwashonea wauguzi wote. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ila kuna aibu ilinipata. Ofisa wenu alikuja bila hata kupiga hodi, akachukua sampuli mezani, zikiwa bado na joto la sindano. Nikamwambia, mwanangu, nipe nusu saa nizinyooshe. Akasema haina haja. Zikaondoka zimekunjamana kama shuka la mgonjwa! Unajua kanuni yetu: hakuna kitu kinachovuka mlango wangu bila pasi. Wewe mwenyewe umekulia pale, umeunguza vidole vyako kwenye meza ile. Nilikosa usingizi nikifikiria wasomi wa maabara wanaishika kazi yangu ikiwa vile. Bahati nzuri walipima, hawakutazama sura.

Binamu yako Sista amehamishiwa wodi ya kifua kikuu. Mama yake alilia. Mimi nikamwambia, unalia nini, mtoto atavaa barakoa iliyotoka mkononi mwa baba yake.

Mimi mjomba wako,
Fundi

22 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa kuchelewa. Mama anasema blauzi ile aliagiza kabla hajaota mvi, kwa hiyo uishone sasa kwa kipimo cha bibi kizee. Hajambo. Anaumwa meno na hataki kwenda kung'oa.

Hongera sana. Nimefurahi mpaka nimewaambia watu kazini, kisha nikajuta kuwaambia. Uelewe jambo moja: mimi sampuli zako sikuzigusa. Jina la karakana yako lilipofika maabara, nilimwandikia bosi siku ile ile kwamba mwenyewe ni mjomba wangu, na faili likapelekwa meza nyingine. Ndivyo sheria inavyotaka. Umepita kwa jasho lako, asije mtu akakuambia ulibebwa na mpwa.

Nalo la pili ulishike sana. Alama ile si kama jina, kwamba ukishapewa basi ni lako mpaka kufa. Watu wetu huenda madukani na kwenye stoo bila kujitambulisha, wanachukua boksi lolote na kulipima upya. Wanachokikuta huko kinatakiwa kifanane na kile kilichopita maabara. Usibadilishe kitu bila kutuandikia, hata uzi. Anayeleta sampuli nzuri halafu akauza mbovu, sheria haimwiti mzembe, inamwita mdanganyifu, na mahali pake ni mahakamani. Mwaka jana kuna mwenye kiwanda aliingia gerezani kwa hilo hilo.

Najua wewe si mtu wa hivyo. Nakuambia tu kwa sababu ni kazi yangu, na kwa sababu ni wewe.

Msalimie Sista. Mwambie asiivue barakoa kwa ajili ya kupiga soga na wagonjwa, namjua.

Mpwa wako

17 Machi

Mpwa wangu mpenda sheria,

Huku mvua, matope, na kazi hadi shingoni. Goti la mwenye nyumba limepata mafuta mapya ya kuchulia, sasa nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Blauzi ya mama yako nimeikata. Hatua kubwa hiyo, usicheke.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nibadilishe nini? Kitambaa cha nje ni kile kile cha pamba. Cha katikati, kile cheupe laini cha kuchujia, nanunua kwa muuzaji yule yule na risiti ninazo. Sindano, uzi, lastiki, waya wa puani, vyote ni vile vile. Mtu akileta kitambaa cha ovyo hapa, nitamfukuza kwa futi ya mbao.

Watu wenu wamekuja. Hawakuja kwangu, wamepita hospitali na kubeba maboksi mawili kutoka stoo. Sista ndiye aliyewaona. Nikafurahi kweli, maana safari hii wamechukua zilizomalizika vizuri, mikunjo imelala, kingo zimenyooka, si zile za aibu za Januari. Natandika kitambaa chenye unyevu juu, pasi inapita, mvuke unaingia mpaka ndani, ikitoka hapo imesimama yenyewe. Wauguzi wanazigombania. Za Sista siwaachii mafundi. Nazipiga mwenyewe, mara mbili, natia na moyo.

Nakutumia boksi moja uone kazi ya mjomba wako. Na kama faili langu likipita karibu na meza yako, sikuombi kitu, lakini jicho lina ruhusa ya kutazama, au hilo nalo lina kifungu chake?

Fundi

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, jino limeng'olewa. Boksi nimelipata, asante.

Kuhusu faili lako siruhusiwi kuandika chochote, na sitaandika. Naomba usiniulize tena.

Nina swali moja, na unijibu hilo tu. Sista bado yuko wodi ile ile? Bado anavaa zile unazompigia pasi wewe?

Mpwa wako

20 Aprili

Wewe,

Salamu utampa mama yako. Wewe sina za kukupa leo.

Notisi imefika. Imeletwa na watu wawili, mbele ya mafundi wangu wote, na wamepiga lakiri kwenye mlango wa stoo yangu kama vile humo kuna bangi. Imeandikwa kwamba barakoa zilizochukuliwa hospitali hazichuji hata nusu ya kiwango. Imeandikwa kwamba kitambaa kilichomo "hakilingani kiutendaji" na cha sampuli. Maana yake nimewapelekea nzuri nikauza mbovu! Mimi! Nimeitwa mbele ya kamati tarehe mbili Juni, nikishindwa hapo faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka.

Na wewe ulijua. Barua yako ya mistari mitano ilikuwa inanuka kujua. Ukakaa kimya, ukaniuliza habari za Sista kana kwamba unapiga soga. Nimekulea tangu ukiwa unalala kwenye kapu la vipande vya vitambaa, leo unaniona naelekea shimoni unaniambia siruhusiwi. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Hospitali wamekusanya maboksi yote. Wauguzi wenzake Sista wamerudisha zao, hata yule rafiki yake wa kula naye sahani moja. Yeye amekataa. Anazo nyingi nyumbani na anazivaa kila siku, wodini, mbele ya wote. Mkuu wake amemkanya, akajibu, "Baba yangu si tapeli. Nitavaa hizi mpaka jina lake lisafishwe." Mkuu akamwacha, wauguzi wenyewe ni wachache. Nilipoambiwa, machozi yalinitoka. Huyo ndiye mtoto.

Umeuliza, nimekujibu.

Fundi

28 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tafadhali isome barua hii yote kabla hujaikunja. Ukitaka kunitukana, nitukane ukishafika mwisho.

Nimekatazwa kuwasiliana nawe mpaka shauri liishe. Nakuandikia hata hivyo. Jana nilikwenda kwa bosi, nikamwambia ninachokijua na kwamba nitakuandikia, nikatia sahihi maelezo yangu. Nimetolewa maabara kuanzia leo. Nakaa kwenye chumba cha majalada mpaka waamue la kunifanya. Mama hanisemeshi kwa sababu anadhani mimi ndiye niliyekushtaki. Ananipakulia, anaweka sahani mezani, anaondoka. Nimelia sana wiki hii, Mjomba, sikufichi.

Kitambaa chako ni kizuri. Hukumdanganya mtu. Ni pasi.

Wenzangu walikuwa wanabishana ukumbini: mshono ule ule, uzi ule ule, lakini hazichuji. Wakasema lazima amebadilisha cha katikati. Nikarudi nyumbani, nikalifungua boksi ulilonitumia, nikaona mikunjo imelala kama shati la sherehe. Katika ofisi nzima hakuna mwingine aliyekulia nyumbani kwako. Nani mwingine angefikiria kwamba kuna fundi duniani anayepiga pasi barakoa?

Kile kitambaa cheupe hakichuji kwa matundu yake peke yake. Kina umeme mdogo ndani, kama ule unaosimamisha nywele ukivua fulana ya nailoni. Huo ndio unaovuta vijidudu na kuvinasa. Moto na mvuke vinauua. Kitambaa kinabaki kile kile kwa macho na kwa mkono, lakini kazi yake imekufa. Ofisa alichukua sampuli kabla hujazinyoosha, ndiyo maana zilipita.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Chana karatasi vipande vidogo kama chawa. Kata kipande cha kitambaa kipya kutoka kwenye roli, kisogeze karibu na karatasi bila kugusa, utaona zinavyorukia. Halafu fumua barakoa moja ya Sista, utoe cha katikati, ufanye vile vile.

Nimempigia simu Sista. Nikamwambia, vua hizo, hazikukingi, nitakueleza baadaye. Akasema, "Baba amekutuma?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi asubiri yeye aniambie. Nyie watu wa ofisi mshamvua nguo baba yangu hadharani, sasa mnataka na mimi nimvue?" Akakata. Nimepiga tena mara nyingi, hapokei.

Anakusubiri wewe. Hatamsikiliza mtu mwingine. Kamati iko Juni na inaweza kungoja, mapafu yake hayawezi. Nakupigia magoti, Mjomba. Nenda ukamwambie leo, halafu unichukie maisha yako yote kama utapenda.

Mpwa wako

14 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Karani wa posta ya huko ameniambia barua yangu ilichukuliwa kwenye sanduku lako tarehe tatu. Kwa hiyo unayo.

Sista bado hapokei simu. Nilimpigia mkuu wa wodi, akasema, "Huyo binti ni mkaidi, na siku hizi anakohoa kidogo, anasema ni vumbi." Nilitaka kupanda basi nije, lakini wameniambia nikiondoka kituo cha kazi kabla ya shauri langu, nisirudi. Ningekuja hata hivyo. Kinachonizuia ni kwamba nikija yeye ataniuliza kile kile: baba amesema nini?

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe ndiye uliyenifundisha huo msemo, ukiwa na mwiko mkononi.

Niandikie hata neno moja.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Ameacha kulalamika habari za goti, na kimya chake kinanitisha kuliko kelele. Mwambie dada yangu nimemwandikia barua yake peke yake, imo humu. Ndani yake nimemweleza nani alinishtaki na nani alijaribu kuniokoa. Atakusemesha.

Ile barua yako niliipata tarehe tatu Mei, kama alivyokuambia huyo karani mwenye mdomo. Nikaisoma pale pale posta nimesimama. Nikaenda nayo karakana. Nikachana karatasi.

Kipande cha roli kilizivuta hata sijakisogeza vizuri, zikarukia kama kuku wameona mtama. Cha Sista hakikuvuta kitu. Nikakisugua, nikakipuliza, nikakisogeza tena. Nikafumua nyingine. Nikafumua mpaka mafundi wakaanza kutazamana. Karatasi zililala tu mezani. Nikazifagia kwa mkono, nikawaambia warudi nyumbani, kazi imeisha kwa leo.

Sasa hapa ndipo utanidharau, na una haki. Sikwenda hospitali. Siku ile nilisema kesho. Kesho yake nikasema nimalizane kwanza na wakili. Wakili akasema habari ya pasi nisiitamke popote, tumsukumie muuzaji wa kitambaa, maana nikikiri pasi nimekiri kwamba nilibadilisha kazi baada ya kupimwa. Nikashukuru kupata sababu. Ukweli ni kwamba niliona heri watu waniite mwizi. Mwizi ana kesi, ana wakili, anaweza kushinda. Lakini kumwambia mwanangu kwamba mkono huu, huu anaojivunia kwa watu, ndio uliomvisha kitambaa kilichokufa, na kwamba zake niliziua mara mbili kwa kumpenda, hilo lilinishinda. Nilimwona kila Jumapili. Alikuja, tukala, akakohoa, nikamwambia anywe maji ya moto.

Barua yako ya pili ndiyo iliyonikokota, tena si siku ilipofika. Nilikwenda tarehe ishirini na nne. Alikuwa mlangoni mwa wodi na trei ya dawa, amevaa yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, ivue." Akasema, "Wamekutisha, Baba?" Nikasema, "Hapana. Ni mimi. Ni pasi yangu." Nikamweleza mbele ya wenzake, kwa sauti, maana mimi sijui kunong'ona. Aliiweka trei chini kwanza, taratibu, dawa zisimwagike. Halafu akaivua.

Mbele ya kamati nilisema vile vile. Wakili alinivuta shati, nikamwondoa mkono. Nikawaonyesha karatasi na vile vipande viwili, wazee wazima wakainama juu ya meza kuchungulia. Kesi ya udanganyifu imefutwa. Leseni ya alama wameninyang'anya kwa kubadilisha utengenezaji bila kuwaarifu, na nikitaka tena nianze upya kabisa. Sikubishana. Nilipouliza habari zako, mwenyekiti akasema maelezo yako yamo kwenye jalada na yatazingatiwa. Sijui hilo kwa lugha yenu lina maana gani.

Majibu ya Sista yalitoka jana. Ni kifua kikuu. Daktari anasema dawa ni za miezi sita, akizinywa bila kuruka atapona, na hakuna mtu awezaye kusema aliambukizwa siku gani, inawezekana ni mwanzoni kabisa, wiki ya kwanza ya wodi. Aliniambia hivyo mara mbili, kwa upole, kama mtu anayetoa sadaka. Kila mara namshukuru, na kila mara siamini.

Amelazwa kwenye wodi yake mwenyewe, kitanda cha dirishani. Amepungua. Nilikaa kwenye kiti mbali naye kama walivyoniagiza. Akaniuliza, "Binamu alikuandikia?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Lini?" Ningeweza kudanganya, mpwa wangu. Uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi. Nikasema tarehe tatu mwezi wa tano.

Alitazama mikono yangu muda mrefu, kisha akatazama dirisha. Nikamwuliza kama anataka uji, matunda, chochote. Akasema anataka wewe uje. Nikamwuliza kama na mimi nije kesho. Akasema amechoka, anataka kulala, akavuta shuka.

Basi njoo, hata kwa siku moja, nitawaandikia hao wakubwa zako mwenyewe wakikuzuia. Ukishuka kwenye basi usipitie kwangu kwanza. Nenda moja kwa moja kwake.

Mjomba wako